Binti Yangu Aliposema Anataka Utawa

Mama mwenzangu, binti yangu alipomaliza kidato cha sita aliniambia, "Mama, nataka kuwa mtawa mmisionari." Nilinyamaza. Moyoni nilikuwa nimeshahesabu wajukuu. Tena mmisionari! Huyo hutumwa nchi asiyoijua, kwa watu wasiojua lugha ya kwao.

Baba yake akasema, "Nenda kwanza ukawaone masista wanavyoishi." Nikakaa siku tatu kwa masista kutoka nje waliokuwa wakitunza wazee.

Kengele ililia kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Sala, tafakari, Misa, kisha chai na kazi. Sista mmoja, Mhindi wa makamo, alifua mashuka ya wazee kwa mikono, kisha akamlisha bibi kipofu uji kijiko kwa kijiko. Akikosea Kiswahili, bibi alicheka na kumsahihisha. Jioni walirudi kanisani kuabudu, halafu wakaketi kushona viraka huku wakitaniana. Nilitazamia kuona malaika; niliona wanawake wanaochoka kama mimi.

Usiku nilimwuliza, "Sista, mama yako hajambo?" Akainamisha kichwa. "Alifariki, mama. Barua ilinifikia baada ya mazishi. Bibi yule ninapomlisha, namlisha yeye."

Nilikosa usingizi. Nikamkumbuka Mama Teresa wa Calcutta. Aliondoka kwao Skopje mwaka 1928 akiwa na miaka 18. Mama yake alifariki Albania mwaka 1972, nao hawakuonana tena. Sote humsifu Mama Teresa. Ni nani humkumbuka mama aliyebaki mlangoni?

Niliporudi nilimwita binti yangu. "Nenda, mwanangu. Lakini usiache kuniandikia." Tukalia wote wawili, na baba yake akajifanya anatafuta miwani.

Leo yuko mbali. Siku nyingine bado namlaumu Mungu kidogo, kisha namwomba msamaha. Lakini sista mgeni akija kununua nyanya kwenye meza yangu sokoni, namwita mwanangu na kumtilia nyongeza. Huenda huko aliko wangu yupo mama anayemtilia.

Nawe ukikutana na mtawa aliyetoka mbali, usiishie kumwomba akuombee. Mwulize habari za mama yake.