Jino la bibi na swali nililolikata

Najua nimekuwa kimya, wengine mmefikia kunitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. UE zimeisha, bumu liliisha kabla yake kama kawaida, na BTP nimemaliza salama. Ila kuna jambo nimekaa nalo tangu likizo ndefu iliyopita, leo nimeamua kulitoa. Linahusu jino. Msicheke kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni wa Mbulu, upande wa Dongobesh, na kwa mama ni Hanang. Wengi hapa chuoni waliisikia Katesh kwa mara ya kwanza Desemba 3, 2023, siku matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakazoa watu na nyumba. Kabla ya hapo nilikuwa nikisema natoka Manyara, mtu ananiuliza habari za tembo wa hifadhini. Kitu kingine kinachotutambulisha ni meno. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi, kwa hiyo wengi tumekua na madoa ya kahawia. Rumeti wangu wa Tanga akitaka kunichokoza anasema "hebu cheka tujue umetoka wapi". Nimeshazoea.

Basi likizo ile nilikuwa kwa bibi. Bibi analima vitunguu saumu na mahindi, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, cha kutaja bei na kukataa kupunguza. Mengine yote ni Kiiraqw. Nilimkuta shavu limevimba, siku ya tatu hajala kitu zaidi ya uji. Mjomba alikuwa ameshamnunulia duka la dawa metronidazo na diklofenaki, anameza, uvimbe hausikii. Nikampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshikilia, mpaka kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja.

Foleni ilikuwa ndefu. Tabibu wa meno alikuwa mmoja, kijana tu, amechoka. Akaniangalia mimi, maana ndiye mwenye Kiswahili, akasema: "Muulize bibi, ana ugonjwa wowote unaomsumbua, moyo, presha, sukari? Kuna dawa yoyote anatumia?"

Nikamgeukia bibi nikamuuliza kwa Kiiraqw: "Bibi, unaumwa kitu kingine?"

Akasema: "Jino tu."

Nikamwambia tabibu: "Hana."

Wadau, naomba msome tena hapo. Tabibu aliuliza maswali mawili, na la kwanza lilikuwa na mifano mitatu ndani. Mimi nikatafsiri maneno manne. Nilikuwa na haraka, watu nyuma yangu wanaguna, na niliona kama ni maswali ya kujaza fomu.

Jino lilitoka vizuri. Tukarudi nyumbani bibi amebana pamba, tukashukuru Mungu. Saa mbili usiku pamba imelowa. Tukabadilisha. Saa nne imelowa tena. Ilipofika saa saba usiku alikuwa anatema mabonge ya damu kwenye bakuli la uji na mikono yake imekuwa ya baridi. Bibi hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lilinitisha. Jirani mwenye Noah akaamshwa, tukashika njia ya vumbi kwenda hospitali.

Muuguzi wa zamu hata hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza: "Dawa zake ziko wapi?" Nikajibu hana dawa. Bibi sijui alielewaje, lakini akafungua pindo la kanga yake akatoa vibahasha viwili vilivyokunjwa mpaka vimekuwa laini kama kitambaa. Kimoja kidonge cha presha. Kingine warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anayopewa kliniki kwa sababu mapigo ya moyo wake hayaendi kwa mpangilio. Mama alikuwa anajua. Mjomba anajua nusu. Mimi msomi wa chuo kikuu sikuwa najua chochote.

Walipima damu, kile kipimo kinaitwa INR. Kwa mtu asiyetumia warfarini ni kama 1, anayetumia wanataka acheze kati ya 2 na 3. Bibi alikuwa amepita 5. Wakamshona fizi, wakamwekea gozi abane, wakampa vitamini K. Alfajiri damu ikakata. Kulipokucha nikamuuliza kwa nini hakusema kuhusu moyo. Akaniangalia kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Nilipopewa vidonge moyo ulinyamaza. Sasa ningesemaje naumwa?"

Sikuwa na jibu.

Niliporudi chuo nilimpigia jamaa yangu tuliyesoma naye sekondari, yuko mwaka wa 4 udaktari wa meno pale Muhimbili. Kozi yao ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Nilitegemea anifariji. Akaniambia: "Hiyo kesi ya bibi yako ndiyo tunayopigwa nayo darasani kila siku." Kumbe kung'oa jino kwenyewe si sehemu ngumu. Ngumu ni kujua jino hilo liko kwenye mwili wa nani.

Akanieleza. Mwenye kisukari wanampangia asubuhi, awe amekula na ametumia dawa yake, asije akashukiwa na sukari kwenye kiti. Mwenye presha wanampima kabla ya sindano ya ganzi, na ikifika 180 kwa 110 kazi isiyo ya dharura inaahirishwa. Mwenye valvu bandia ya moyo anapewa amoksilini gramu 2 kama saa moja kabla, kwa sababu bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa moyoni. Zamani orodha ya wanaopewa kinga hiyo ilikuwa ndefu, Wamarekani wakaipunguza mwaka 2007 ibaki kwa walio kwenye hatari kubwa. Mwenye VVU anatibiwa kama wengine, kumkataa ni kosa.

Na wa warfarini je? Nikadhani atasema anaachishwa dawa kwanza. Hapana. Kumwachisha kiholela kunaweza kumletea kiharusi. Wanapima INR siku moja au mbili kabla, na ikiwa chini ya 4 wanang'oa, wanashona, wanabana, hawamruhusu aondoke mpaka damu ikate. Halafu akaniuliza: "Alikuwa amemeza nini kabla?" Nikamtajia za mjomba. Akanyamaza kidogo. Metronidazo inaipandisha nguvu warfarini, diklofenaki nayo inaongeza kuvuja damu. Nikaongeza kwamba bibi anatafuna vitunguu saumu vibichi kila asubuhi kwa ajili ya presha. Akasema hata hilo tabibu anatakiwa aulize, dawa ya shambani nayo ni dawa.

Kisha akanifanya mgonjwa wake. Nilimtembelea Dar, anajiandaa na mtihani wao wa vituo, ule ambao mnaingia mmoja mmoja mnakuta mgonjwa wa kuigiza. Nikaigiza bibi. Akaniuliza "una ugonjwa wowote?", nikajibu kama bibi, "jino tu". Akacheka, akabadilisha: "Asubuhi ukiamka unameza nini? Unakwenda kliniki gani, ya mwisho lini? Umewahi kulazwa? Ukijikata jembe damu inachukua muda gani kukata? Naomba nione dawa zako." Hapo bibi wa kuigiza akafungua pindo la kanga.

Mimi nasomea ualimu. Miaka yote hii naandika kwenye andalio la somo "maswali ya kupima uelewa", na mwanafunzi akijibu "ndiyo" naweka tiki. Kwenye BTP darasani kwangu Hanang nilikuwa na watoto wa Kidatoga na wa Kiiraqw, Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Nilipouliza "mmeelewa?" wakaitikia "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja, nilisikia "jino tu". Nikaacha kuuliza hivyo. Nikawa nasema njoo ubaoni unionyeshe.

Jamaa yangu aliniambia wanafundishwa pia kutomwamini sana ndugu anayetafsiri, kwa sababu ndugu hufupisha. Nilimeza hilo. Yule tabibu angeweza kuomba kuziona dawa, sawa. Lakini yeye aliuliza, na mimi ndiye niliyekata swali.

Bibi mzima, ameshavuna vitunguu. Dawa zake nimeziandika kwenye karatasi ngumu kwa herufi kubwa, kimoja kiko kwa mama, kimoja kwa mjomba, kimoja amekifunga kwenye pindo. Nyie wenye bibi na babu vijijini, likizo hii msiwaulize kama wanaumwa. Waulizeni wanameza nini.

Tuko pamoja. Nikipata bumu nitaandika tena.