Sharti la -ki- ndani ya Kompyuta
Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa fundi wa kompyuta jijini Mbeya, alinifikia hapa Iringa na maagizo ya Ansible, programu ya kusimamia kompyuta nyingi kwa mpigo mmoja, iliyotoka mwaka 2012. Sharti la agizo huandikwa humo kwa neno la Kiingereza la wakati, si la "kama".

"Mwalimu, wanagenzi hukwama hapo," alilalamika.

Basi na wafikiri kwa Kiswahili! Katika "mvua ikinyesha tutapanda", -ki- imebeba wakati na sharti pamoja. Kompyuta ikiwa ya Ubuntu, agizo hutekelezwa. Ikiwa siyo, agizo hurukwa, wala halihesabiwi kosa. Hata -nge- imo: katika hali ya majaribio, programu hueleza ingebadilisha nini, isiguse kitu. -Ngali- ndiyo sikuiona. Majuto wametuachia washairi.