Mtaro wa Maji na Amana ya Waliotutangulia

Binti yangu ni mwanaakiolojia huko Devon, Uingereza. Nilipomtembelea, alinipeleka kazini kwake Dartmoor, nyika ya juu yenye baridi na isiyo na miti, ambako mtaro wa bomba la maji ulikuwa ukichimbwa.

Kazi yake ni kusimama na kutazama. Tingatinga lenye ndoo isiyo na meno hukwangua udongo tabaka kwa tabaka. Akiona mawe yaliyopangwa au doa la mkaa, huinua mkono, na mashine husimama hadi apige picha, achore na aandike.

"Na maji yachelewe?" nilimuuliza.

"Yatachelewa mchana mmoja, Mama. Hiki kikiharibika hakirudi."

Akanisimulia kaburi la Whitehorse Hill, papo hapo Dartmoor, lililofukuliwa mwaka 2011. Mboji yenye majimaji ilikuwa imehifadhi ngozi ya dubu, kikapu na shanga zaidi ya 200 kwa karibu miaka 4,000.

Nikakumbuka mtaa wetu ulipoletewa bomba. Mtaro ulipita kando ya makaburi ya kale, vigae vya sini vikazolewa pamoja na kifusi. Nami sikusema neno, kwa kuwa nilichoka kubeba ndoo. Kumbe sheria yetu ya turathi ya mwaka 2006 humtaka agunduaye vitu vya kale aiarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba.

Maji ni haki ya walio hai. Ardhi ni amana ya waliotutangulia. Siku hizi, nikiona mtaro unachimbwa, husimama nikatazama.