Mchagua Nazi: Tafakuri Kuhusu Kuchagua Kozi ya Chuo Kikuu

Wahenga walituonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hii nilifunzwa darasani katika kaunti ya Migori, mahali ambapo minazi si miti ya kwetu, nami nikaikariri miaka mingi kabla sijaona koroma kwa macho yangu. Aghalabu huitumia wazee kumkanya kijana anayetaka hiki akakataa kile. Hata hivyo, kila nitafakaripo namna vijana wa Migori na Homa Bay wanavyochagua kozi za chuo kikuu, naona kwamba methali yenyewe inadai kuulizwa swali: je, huyu mchaguzi alipewa nafasi ya kuishika ile nazi na kuitikisa kabla ya kuambiwa achague?

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Kenya alijaza fomu ya Bodi ya Pamoja ya Udahili, maarufu kama JAB, kabla hata hajaufanya mtihani wa KCSE. Alitaja kozi na chuo angali hajui atapata alama gani. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilileta shirika jipya, KUCCPS, na siku hizi mwanafunzi hutuma maombi kwa njia ya intaneti matokeo yakiwa mkononi. Haya ni maendeleo, wala sitayabeza. Lakini kiini hakijabadilika. Mwenye alama ya C+ na zaidi hutaja kozi kwa jina, masomo yake manne yanayohusiana na kozi hiyo hupimwa kwa pointi zisizozidi 48, kisha hupangiwa nafasi. Hakuna mahali katika fomu ile pa kuandika: "Bado natafuta."

Kwingineko mambo huenda kwa utaratibu tofauti. Vyuo vingi vya Marekani humpokea mwanafunzi asiyetaja fani, akasoma masomo mbalimbali kwa mwaka mmoja au miwili, ndipo akatangaza fani yake kuu. Sisi wa upande huu wa ziwa tuna uhusiano na habari hiyo, maana Tom Mboya, aliyezikwa katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuandaa safari za ndege zilizowapeleka vijana wetu kusoma huko. Kundi la kwanza, la mwaka 1959, lilikuwa na wanafunzi 81. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960, akasoma biolojia kama fani kuu katika chuo kimoja cha Kansas, na kando yake akasoma kemia na Kijerumani. Hapa kwetu, jambo linalokaribiana na hilo ni shahada ya Sanaa kama ilivyozoeleka Chuo Kikuu cha Nairobi, ambapo mwanafunzi alianza na masomo matatu mwaka wa kwanza, kisha akapunguza kadiri alivyozidi kujijua. Sisi wa Elimu hutakiwa kushika masomo mawili ya kufundisha, basi.

Mimi nilipata matokeo yangu mwezi Aprili mwaka 2022. Kiswahili kilikuwa somo langu bora kuliko yote. Mjomba, aliyekuwa ameuza fahali wawili ili nimalize shule ya upili, aliniita akaniambia, "Mpwa wangu, Kiswahili unakijua tayari. Utaendaje kusomea kitu unachokijua? Andika sheria." Sikumjibu kwa haraka, kwa kuwa hoja yake haikuwa ya kijinga. Mtu aliyeuza fahali wawili ana haki ya kuuliza watarudi vipi. Nilichomweleza baadaye, kwa adabu, ni kwamba hata hiyo sheria humtaka mwombaji awe na angalau alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Alicheka, akasema nimeanza uwakili kabla ya kusomea.

Aliyenisaidia kuamua ni Mama, naye hakujua kwamba ananisaidia. Mama ni mchuuzi wa omena. Hununua kwa wavuvi wa Homa Bay, na huko biashara yote huendeshwa kwa Dholuo. Uvuvi wa omena unapofungwa kwa msimu, huabiri matatu hadi Isebania, mpakani, akanunua kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Sirari. Huko omena wanaitwa dagaa, gorogoro hukutana na sado, na asiyejua Kiswahili hulipa zaidi. Tangu utotoni nilimsikiliza akibadilisha lugha kama mtu abadilishaye kanga. Nilitaka kujua kinachotendeka anapofanya hivyo. Basi nikaandika Elimu, Kiswahili na Historia, katika chaguo la kwanza.

Sidai kwamba kila mtu alikuwa na nafasi kama yangu. Nilipokwenda mjini Migori kujaza maombi, mkahawa wa intaneti ulikuwa umefurika. Baadhi ya wenzangu walimkabidhi mhudumu namba zao za mtihani na kumwambia, "Niwekee kozi nitakayopata." Mhudumu huyo, kijana wa umri wetu, alikuwa akiamua maisha ya watu kwa dakika kumi kila mmoja. Simlaumu. Hakuna mtu mwingine waliyeweza kumuuliza. Na kwa wengi wao, chaguo lilikwisha kufanywa zamani, pale walipoacha baadhi ya masomo baada ya Kidato cha Pili kwa sababu shule haikuwa na maabara ya fizikia au mwalimu wa somo hilo. Msichana aliyetaka uhandisi katika shule isiyofundisha fizikia hakuchagua koroma, hakuonyeshwa mnazi.

Jambo hili limenirudia nyumbani kwa namna nyingine. Mwaka 2025, mdogo wangu alikuwa Gredi ya 9, katika kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi. Yeye na wenzake walitakiwa kuchagua mmoja kati ya mikondo mitatu ya shule ya upili pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Uamuzi tuliokuwa tukiufanya ukingoni mwa utu uzima sasa umesogezwa hadi umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Aliniuliza, "Dada, wewe ulijuaje?" Nilimwambia ukweli: sikujua, nilikuwa na hamu tu, na hamu hiyo nimekuja kuipatia majina hapa chuoni. Kile alichokifanya Mama mpakani, nimekisoma katika isimujamii. Tofauti ya omena na dagaa imenifungulia mlango wa leksikografia.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba hamu hulipa kodi ya nyumba. Sote tunawajua wahitimu wa Elimu ambao wamesubiri miaka mingi kuajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu. UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, nasi tulishangilia, lakini shangwe haimpi mwalimu kijana mshahara. Mjomba alikuwa na haki ya kuogopa. Ninachokipinga ni kumfanya kijana abebe hofu hiyo peke yake, mbele ya kompyuta ya kukodi.

Hapa ndipo chama chetu kina kazi. Mikutano yetu mingi hujadili hadhi ya Kiswahili miongoni mwa watu wanaokipenda tayari. Napendekeza kwamba kila likizo, wanachama wanaorejea nyumbani watembelee angalau shule moja: Rongo, Awendo, Mbita, Kendu Bay, popote penu. Wasiende kunadi Kiswahili. Waende na mhitimu wa tafsiri, mwanahabari, mwalimu aliyeajiriwa na mwingine ambaye bado hajaajiriwa, na wanafunzi wa vitivo vingine pia, wajibu maswali bila kuficha. Rongo pana chuo kikuu, na Homa Bay pana Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anaweza kuletwa asubuhi, akaketi nyuma ya ukumbi wa mihadhara, akarudi kwao jioni. Wahadhiri wetu wakituruhusu kufungua milango hiyo, gharama yake itakuwa nauli tu.

Mdogo wangu alichagua sayansi. Mjomba amefurahi. Nami nimefurahi, kwa sababu kabla ya kuchagua alikaa siku mbili na binamu yetu anayesomea uuguzi, akamuuliza maswali hadi akamchosha.