Msafiri ni Mgeni

Katika jamii zetu mzee akishastaafu huwekewa kiti barazani na kutarajiwa akikalie. Wajukuu humletea chai, majirani humsalimu wapitapo, na akitaka kwenda hata sokoni huulizwa anafuata nini. Heshima hiyo ni njema, nami sina nia ya kuibeza. Lakini heshima ikizidi kipimo hugeuka kifungo, na mtu aliyewafundisha watoto kwa miaka 36 kwamba dunia ni pana hana budi siku moja ainuke akaione.

Mwezi Oktoba 2019 niliinuka. Nilikuwa na umri wa miaka 71, na mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wanangu walipinga sana safari hiyo. Binti yangu mkubwa aliniuliza, "Baba, ukianguka huko, nani atakuokota?" Nilimjibu kwamba hata Mbeya watu huanguka. Hakucheka. Nilifahamu kwamba swali lake hasa lilikuwa jingine: mzee mgane anakwenda kutafuta nini ugenini, tena peke yake? Swali hilo nilikwenda nalo Istanbul. Ndugu msomaji, nataka nikusimulie siku moja tu kati ya siku sita nilizokaa huko, maana siku hiyo ilinipa sehemu ya jibu.

Asubuhi nilishuka hadi Eminönü, penye magati ya vivuko. Nikanunua simit, mkate wa mviringo kama bangili uliojaa ufuta, kisha nikaketi kwenye kigoda nikaagiza chai. Kuiagiza hakukuhitaji mkalimani, kwani Waturuki nao huiita çay. Huipika kwa birika mbili zilizopandana. Ya chini ina maji yanayochemka, na ya juu ina majani ya chai yanayoiva polepole kwa joto la ile ya chini. Mwandazi humimina kidogo kutoka birika la juu, halafu huongeza maji ya moto kwa kadiri upendavyo, ikawa kali au nyepesi. Huletwa katika bilauri ndogo iliyobonyea kiunoni, pamoja na vipande viwili vya sukari. Maziwa hayatiwi. Bilauri ikiisha huletewa nyingine, na nyingine tena, mpaka ulaze kijiko juu ya mdomo wake. Hiyo ndiyo ishara kwamba umetosheka.

Anayewaona Waturuki wakinywa chai mchana kutwa atasema ni desturi ya mababu zao. Sivyo. Kinywaji chao cha kale ni kahawa, iliyoenea Istanbul katika karne ya 16, zama ambazo Yemen ilikuwa chini ya Sultani. Himaya yao ilipovunjika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kahawa ikawa bidhaa ya kununuliwa nje kwa fedha nyingi. Jamhuri iliyozaliwa mwaka 1923 ikatunga sheria mwaka 1924 ya kuhimiza kilimo cha chai huko Rize, kando ya Bahari Nyeusi. Baadaye mbegu zililetwa kutoka Georgia, na mwaka 1947 kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Rize. Leo Waturuki wanahesabiwa kuwa wa kwanza duniani kwa wingi wa chai anayokunywa kila mtu. Sisi tunalima chai Tukuyu, Mufindi na Usambara, na sehemu kubwa tunaiuza nje. Wao hulima ili wanywe. Tofauti hiyo ilinitosha kuitafakari kwa bilauri tatu.

Karibu na hapo lipo soko la viungo la karne ya 17, ambalo wenyewe huliita Mısır Çarşısı, yaani Soko la Misri, kwa kuwa lilijengwa kwa mapato yaliyotoka Misri. Niliingia nikifuata harufu. Kwenye gunia moja nikasoma neno karanfil, nikainama, na kumbe ni karafuu. Nikatoa daftari langu nikaanza kuandika, maana mwalimu hastaafu kabisa. Daftari kwao ni defter. Kitabu ni kitap, kalamu ni kalem, saa ni saat, na dakika ni dakika vilevile, bila kupungua herufi. Lugha zetu mbili hazina undugu wa damu, ila zote zimechota katika kisima kimoja cha Kiarabu, nazo hukutana hapo kisimani kama majirani wenye ndoo.

Kutoka sokoni nilipanda kilima taratibu, nikipumzika mara nne, hadi msikiti wa Süleymaniye. Uliasisiwa na Sultani Süleyman, na msanifu wake, Sinan, aliujenga kati ya mwaka 1550 na 1557. Kuba lake ni kubwa na mwanga wa ndani ni mtulivu, lakini kilichonigusa zaidi ni majengo yanayouzunguka. Sultani aliagiza zijengwe pamoja nao shule, hospitali na jiko la kulisha maskini. Wakuu wa shule tunaijua hesabu hiyo: huwezi kumfundisha mtu mwenye njaa.

Mbele ya msikiti zimepangana hoteli ndogo ndogo zinazouza chakula kimoja mashuhuri, kuru fasulye, yaani maharage makavu yaliyoungwa kwa nyanya, pamoja na wali wanaouita pilav na achari pembeni. Wali kwa maharage! Chakula nilichokila bwenini nikiwa mwanafunzi, nikakila tena chuo cha ualimu, kisha nikakisimamia jikoni nikiwa mkuu wa shule. Maharage na nyanya asili yake ni bara la Amerika. Hayakuwa ya Waturuki wala yetu mpaka yalipovushwa Atlantiki baada ya mwaka 1492. Hata hivyo kila mmoja wetu huapa kwamba ni chakula cha mama yake.

Hapo mezani ndipo upweke uliponishika. Anayesafiri peke yake huweza kutembea, kutazama, hata kunywa chai asione pengo. Pengo huonekana chakula kinapowekwa mezani. Kwetu mtu hali peke yake ila awe mgonjwa, mchoyo au mfiwa.

Mzee mmoja wa rika langu aliomba kwa ishara aketi nami, kwa kuwa meza nyingine zilikuwa zimejaa. Nilijigusa kifua nikasema, "Mwalimu." Alifikiri kidogo, akasema, "Muallim," neno lao la zamani. Akaionyesha pete yangu, kisha akatazama kiti kitupu ubavuni pangu. Sikuwa na Kituruki cha kueleza ugonjwa wa miezi kumi na minne. Nilisema neno moja tu: "Marehemu."

Akaweka kijiko chini. "Merhume," alisema polepole, akaweka mkono kifuani. Tukala bila maneno mengine. Nawaambia kweli, tangu siku ya arobaini hakuna rambirambi iliyoniingia kama ile.

Tulipomaliza akaagiza chai mbili, kisha akamwita mhudumu: "Hesap!" Nikajua kwamba ni hesabu, nikatoa pochi. Akauzuia mkono wangu, akasema, "Misafir." Neno hilo ni ndugu wa neno letu msafiri, lakini kwa Kituruki maana yake ni mgeni. Sisi tunamtazama mtu huyo akiwa njiani, wao wanamtazama akiwa amefika mlangoni.

Alasiri nilipanda kivuko kwenda Üsküdar, upande wa Asia. Mhudumu alipita na sinia la chai, nikanywa nikiutazama mlangobahari wa Bosporus, ambao niliuchora ubaoni miaka mingi. Niliwafundisha wanafunzi kwamba maji ya juu hutiririka kusini kutoka Bahari Nyeusi, na chini yake mkondo mwingine, wenye chumvi zaidi, huenda kaskazini. Yote mawili hupita mahali pamoja bila kuzuiana. Mtu aliyefiwa naye huishi hivyo. Juu hufurahia siku yake, na chini majonzi yanaendelea na njia yao.

Basi nilimjibu binti yangu niliporudi. Nilikwenda kuona kama mzee aliyebaki mmoja bado ni mtu mzima, au ni nusu ya watu wawili. Nimeona kwamba ni mtu mzima, ila anahitaji meza zenye viti viwili. Wenzangu mliostaafu, kama miguu ingali inawabeba na akiba inaruhusu, nendeni, hata kama ni wilaya ya jirani tu. Wala msiogope kwenda peke yenu, kwa sababu mtu akikuona una mwenzako hukupisha, na akikuona u peke yako huja kuketi.