Kamba ya Enanga, Kamachumu

Likizo ya 1989 nilishuka MV Victoria gatini Bukoba asubuhi na mapema, Kisiwa cha Musira kikiwa bado kimejifunika ukungu, nikapanda basi la Muleba. Kamachumu nilipokelewa na harufu ya kahawa iliyoanikwa uani, na ya nyasi mbichi zilizotandikwa sebuleni.

Jioni akaja Mwalimu, jirani yetu mstaafu, kutafuna kahawa kibarazani na mjomba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Chuoni Mlimani wanawafundisha nini siku hizi?"

Nikamfunulia daftari: mfululizo wa Fourier, ukurasa mzima wa intigrali za kutoka −L hadi L, sini na kosini zimebanana.

Hakugusa kalamu. Alimwomba mjomba enanga, ala yake ya nyuzi, akaipakata. "Sifuri yako iweke hapa," akasema, kidole katikati ya kamba. "Huku −L, kule L." Akaivuta papo hapo katikati, akaishikilia. "Upande huu na huu vinatofautiana?" Havikutofautiana. Basi umbo hilo ni shufwa, akasema, na sini ni witiri. Shufwa mara witiri, ukijumlisha kutoka −L hadi L, upande mmoja unaufuta mwenzake, jibu sifuri. Sini zote zikaondoka. Nusu ya ukurasa wangu haikuwa na kazi tena.

Akaiachia kamba. Ikalia nene, tulivu, hadi migombani. Akaivuta tena, safari hii karibu na ncha: ikalia kwa ukali, kama mtu anayesemea puani. Ulinganifu umevunjika, sini nazo zimeingia. Mjomba akacheka; jambo hilo wapiga enanga wamelijua siku zote, bila intigrali. Fourier mwenyewe, aliyechapisha kitabu chake Ufaransa mwaka 1822, alikuwa akihangaika na joto linavyosambaa. Nadhani kibaraza kile kingempendeza.

Tukawasha kandili, tukajaribu f(x) = x kutoka −π hadi π. Witiri hiyo, kwa hiyo sini tupu: 2(sin x − ½ sin 2x + ⅓ sin 3x − …). Nilipoweka x = π/2, ikatoka π/4 = 1 − 1/3 + 1/5 − 1/7 …, na Mwalimu akasogeza kikapu cha kahawa upande wangu. Penye ncha, ambako mstari unataka π huku na −π kule, mfululizo unatoa sifuri, wastani wa hizo mbili.

Nawe unayeanza somo hili, usikimbilie intigrali. Chora grafu kwanza, uzitazame pande zake mbili.