Majivu Yake Yako Wapi?

Kosa moja hutuingia sisi walimu kwa wepesi: kufundisha jambo kwa sauti ya hakika, hali sisi wenyewe hatujalipima. Twataka kuwaeleza jinsi tulivyokosa hivyo, tukaonywa na mtoto.

Tarehe 23 Machi, mwaka 1989, mabwana wawili wa kemia, Martin Fleischmann na Stanley Pons, walitangaza habari ya ajabu katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Walikuwa wametia kijiti cha madini ya paladiamu ndani ya maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ni ya namna nzito iitwayo deuteri, kisha wakapitisha umeme. Wakasema chombo kilitoa joto kupita umeme uliotiwa, tena kupita liwezalo kutolewa na kemia. Basi lazima viini vya atomu vimeungana, kama viunganavyo ndani ya jua. Tuliisikia habari hiyo redioni, tukaingia darasani tukaisema kana kwamba tumeiona kwa macho.

Kijana mmoja akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Kila moto huacha majivu. Je, majivu ya moto huu yako wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukamwamuru akae chini.

Kumbe swali lile ndilo walilouliza wataalamu. Viini vya deuteri vikiungana huacha alama: nyutroni, tritiamu, ama heli pamoja na miali mikali ya gama. Kwa joto lililotajwa, nyutroni zingalitosha kuwaua waliosimama karibu. Nao walikuwa wazima.

Tena kemia nayo ina joto lake. Chokaa iliyotoka tanuuni ikimwagiwa maji hutokota pasipo moto, wala hakuna kiini kilichoguswa. Katika chombo kile umeme huyapasua maji yawe hewa mbili; hewa hizo zikiungana tena humo humo, hurudisha joto, naye asiyelihesabu hulidhania ziada. Na maji yasipokorogwa vema, kipimajoto huweza kusoma mahali pa moto tu. Wenye kushika upande wa viini walijibu kwamba joto lilikuwa jingi mno, kemia haitoshi. Lakini watu wa Caltech, wa MIT, na wa Harwell kule Uingereza walijaribu, wasilione joto hilo. Novemba mwaka ule ule, wataalamu walioitwa na Wizara ya Nishati ya Marekani walisema ushahidi hautoshi.

Habari hiyo ilipotufikia, tulimsimamisha kijana yule mbele ya wenzake, tukakiri kwamba yeye aliuliza vema, nasi tulifundisha vibaya. Haikuwa rahisi.

Tangu hapo jambo limepimwa tena. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulifika karibu pale pale. Na mwaka 2019 wataalamu waliogharimiwa na Google walitangaza kuwa hawakuona dalili yo yote. Wapo wangali wakitafuta, wala hatuwadharau. Kutafuta si kosa. Kosa ni kutangaza moto kabla ya kuonyesha majivu.

Joto peke yake halisemi limetoka wapi. Mtume Paulo aliwausia Wathesalonike wayapime mambo yote, nasi twafanya vema kumsikia. Basi, ndugu, ijapo habari kubwa mlangoni pako, ipokee kwa adabu, kisha uiulize swali la kijana yule.